Mwaka wa Kufa kwa Vukosava

Fundi Obrad aliagizwa achonge mwaka mmoja tu, wa kufa kwa Ljubiša. Jina na picha ya mkewe, Vukosava, vilikuwepo kwenye jiwe hilohilo la kaburi tangu zamani, kama wafanyavyo watu wa kijiji cha Vrbičje, na nafasi ya mwaka wake ikaachwa wazi mpaka siku yake ifike. Lakini Obrad huionja pombe yake ya rakia kabla ya kahawa, na mkono wake ukachonga upande usiohusika.

Ndiyo maana Jumamosi ya Wafu, Vukosava alipofika makaburini na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kuwakumbukia marehemu, alimkuta mumewe kwenye jiwe yu hai na yeye mwenyewe marehemu. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. Bado alikuwa amekufa.

"Haya, baba," alimwambia Ljubiša. "Sasa nani atampikia mwenzake?"

Angecheka, kama angekuwa na akili anayoweza kuiamini. Miaka kumi na moja iliyopita, mama yao alipokuwa anakata roho, Vukosava alimpigia simu mdogo wake Leposava, aliyeolewa mjini, vituo vitatu tu vya basi kutoka kijijini. Ndivyo alivyokumbuka. Leposava alifika mama keshafukiwa, akapiga mayowe mbele ya watu wote kwamba hakupigiwa, kwamba dada yake alitaka mama afe mikononi mwake peke yake. Kijiji kikamwamini aliyelia zaidi. Mwaka wa kwanza Vukosava alibisha. Wa pili akanyamaza. Wa tatu akaanza kujiuliza: nilipiga kweli, au niliota? Tangu hapo hakujua, na jambo hilo lilimtesa kuliko ujane.

Akasikia hatua. Leposava huyo, na mshumaa wa kumwashia mama mkononi. Vukosava alijibanza nyuma ya jiwe la jirani, bila kuelewa anajificha kwa nini.

Leposava akasimama mbele ya jiwe la dada yake, akasoma, mshumaa ukamponyoka.

"Dada Vuka! Umekufa na hata hawakunijulisha!" Akapiga magoti. "Na nani angenijulisha, mshenzi mimi? Simu ililia, dada. Nilikuwa na wageni, nikasema huyo ni Vuka, anataka nikamchumie plamu zake. Nikaiacha ilie. Ikalia tena, na tena, mara tatu, mimi namimina kahawa. Kisha nikaona aibu, nikakusingizia wewe."

Nyuma ya jiwe, Vukosava alilikumbatia bakuli lake. Furaha na hasira vilimjia kwa pamoja, asijue amkumbatie mwanamke yule au amvunjie bakuli kichwani. Tena, je, amesikia sawasawa? Akatoka.

Leposava akapiga ukelele, akafanya ishara ya msalaba mara tatu. "Usiniguse! Nitakuwashia mishumaa hata mia!"

"Nyamaza, wewe. Obrad kalewa. Mimi mzima."

"Mzima? Na umekaa hapo unanisikiliza? Huna haya, mwanamke mzee!"

"Nilipiga?"

Leposava akajipangusa magoti, akatazama langoni. Wanawake wa kijiji walikuwa wanaingia na vikapu vyao, walewale waliokuwepo siku ya mazishi.

"Umeshasikia," alinong'ona. "Tuyazungumze nyumbani."

"Umemwambia maiti. Niambie mimi." Vukosava alimshika mkono. "Lepa, mdogo wangu, nimekaribia kuwa kichaa. Nilipiga au sikupiga?"

Leposava alimtazama dada yake usoni, na kwa mara ya kwanza akaona alivyozeeka. Akawageukia wale wanawake, akapaza sauti ileile ya miaka kumi na moja iliyopita.

"Alipiga! Mnasikia? Alipiga mara tatu, mimi ndiye sikupokea!"

Vikapu vikasimama njiani. Vukosava akaketi kwenye ukingo wa kaburi lake mwenyewe, akamlilia mama, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.