Kamera Iliyoona kama Magrieta

Ukungu wa Swakopmund, mji wa pwani ya Namibia, hauna hodi. Unatoka baharini, unapanda gati, unakalia mabenchi ya ufukweni kama mtu aliyechoka safari, na watu huinuka wakauachia nafasi. Saa hizo wengine wakirudi majumbani, Elfriede Tsuses ndipo alipokuwa akitoka kwake.

Alikuwa mpishi wa bweni la shule katika mtaa wa Mondesa, mwanamke wa makamo, aliyeachana na mumewe bila ugomvi na bila watoto. Siku za kazi aliishi ndani ya kelele: masufuria, vijiko, na watoto wanaodai uji kabla haujaiva. Siku za mapumziko alitaka kitu kimoja tu, kuwa mahali ambapo hakuna anayemwita. Ndiyo maana alichukua kamera. Na kamera ikamletea watu.

Ilikuwa ya zamani, ya chuma, nzito kama tofali dogo. Aliipata kwenye mnada wa kanisa, katikati ya vikombe vilivyokatika mikono. Haikuwa na betri wala kioo cha kuonyesha picha. Unaweka jicho kwenye kidirisha, na katikati ya kidirisha kuna doa la njano, hafifu kama chai iliyozidi maji. Ndani ya doa hilo kila kitu kipo mara mbili: kimoja kizima, kingine kimepauka, kimesimama kando kama kivuli chake. Unazungusha pete ya lenzi polepole. Kivuli kinatembea. Kinamkaribia mwenyewe, kinaingia ndani yake, kinatulia. Hapo kamera imeshapima umbali, unaweza kubofya.

Elfriede alipenda zaidi pale kabla ya kubofya. Kuna asubuhi alirudi nyumbani hajapiga picha hata moja. Alikuwa ameketi tu kwenye ukungu akivikutanisha vitu na kuviachanisha: taa ya gati, mnandi, ndege wa baharini, aliyekausha mabawa juu ya ukingo, mtu na ndoano yake.

Lakini watu hawakumwacha. Tuhafeni, mlinzi wa maegesho ya magari, alimsubiri kila mara akiwa amevaa kizibao chake cha njano.

"Dada Elfriede, leo kamera imepona?"

"Haikuwa mgonjwa."

"Mbona haionyeshi picha?"

"Picha ziko ndani."

"Zimelala?"

"Zimelala."

"Basi zikiamka uniite."

Huyo alikuwa afadhali. Wageni kutoka Windhoek walimwomba waishike, wakaigeuza nyuma wakitafuta picha, wakaigeuza tena kana kwamba ameificha. Mzee mmoja Mjerumani alimwuliza imetengenezwa mwaka gani, na aliposema hajui, mzee akamweleza mpaka mnandi akaruka. Mwingine aliuliza kama Elfriede anafanya kazi ya serikali. Wengi walitaka kujua kama anauza. Mwishowe akawa na majibu yake, anayatoa mfululizo hata kabla ya kuulizwa, kama mtu anayepunga nzi: ndiyo, inafanya kazi, hapana, siuzi, hapana, siwezi kukuonyesha sasa hivi.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito hata gati lilionekana kama limekatwa katikati. Mwanamke mmoja alikuja akiwa ameshika ukingo, akitanguliza mguu taratibu, kama anayejaribu maji. Alivaa gauni refu la kitenge na kilemba alichokishusha upande mmoja mpaka kikafunika jicho. Aliposimama karibu, Elfriede akaanza, "Ndiyo, inafanya kazi. Hapana, siuzi."

"Sijakuuliza hayo, mdogo wangu," mwanamke akasema. "Nauliza unatazama nini. Maana huko mbele hakuna kitu."

Ni kweli, hakukuwa na kitu. Elfriede alifikiri, akagundua hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Akauvua mkanda shingoni, akampa kamera.

"Tazama mwenyewe. Kuna taa pale, inaonekana kidogo."

Mwanamke akaweka jicho lake la wazi kwenye kidirisha. Maji yaligonga nguzo chini yao, yakarudi, yakagonga tena. Kisha akaishusha kamera, akaitazama kwa wasiwasi.

"Hiki kidude kina ugonjwa wangu," akasema.

Jina lake lilikuwa Magrieta Harases, naye pia aliishi Mondesa, upande wa pili. Waliketi, akaeleza akiwa amegeukia baharini. Majira ya baridi aliumwa kichwa, akalala. Alipoamka kila kitu kilikuwa na ndugu yake. Kikombe kina ndugu, mlango una ndugu, ngazi ina ndugu, na mguu haujui ukanyage ipi.

"Nikifumba jicho moja, yule ndugu anaondoka," alisema. "Lakini nitatembeaje mjini nimefumba jicho moja? Wameshasema nawakonyeza waume zao."

Elfriede alicheka kabla hajajizuia. Akashtuka, akamtazama mwenzake, akakuta naye anacheka.

"Na nyumbani je, dada?"

"Nyumbani wanasema nakunywa."

Mumewe, Erastus Haraseb, kwa kuwa katika lugha yao jina la ukoo huishia b kwa mwanamume na s kwa mwanamke, alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa, mtu wa heshima zake. Siku moja Magrieta alimimina chai kwenye kikombe ambacho hakikuwepo, mezani, mbele ya mchungaji. Erastus hakumgombeza. Ila tangu siku ile, kila Magrieta akimaliza kunywa kitu, mumewe hukichukua kikombe kwa siri akakinusa.

"Angenipigia kelele ningevumilia," Magrieta alisema. "Huko kunusa ndiko kunanimaliza."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia naona viwili viwili. Akasema walevi wote huona viwili viwili."

"Na zahanati?"

"Nikaseme nini? Watanipima pumzi kwanza."

Elfriede hakuwa mtu wa maneno ya kufariji. Alimwinulia tena kamera, akauweka mkono wa Magrieta juu ya lenzi. "Shika hapa. Zungusha taratibu. Usiiharakishe."

Magrieta akazungusha. Ndani ya doa la njano, taa iliyopauka ikaanza kutembea kwenye ukungu kuelekea taa nzima. Zikagusana. Ikabaki moja.

"Zimekutana," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akairudisha pete, akazitenganisha, akazikutanisha tena. Alifanya hivyo kwa taa, kwa mnandi, kwa mkono wake mwenyewe aliounyoosha mbele mpaka ukawa karibu mno kwa kamera kupima. Hakuna aliyejali muda. Ukungu uliwafunika kwa namna ambayo mtu angeweza kuamini kwamba mji wote umeondoka, umewaachia kipande hiki cha gati na kazi hii ndogo.

Akawa anakuja. Elfriede, aliyekimbia watu, alijikuta akitazama njia kama kilemba kile kimetokea. Tuhafeni alinung'unika. "Mimi nauliza mwaka mzima sijashikishwa. Huyu kaja juzi, anaizungusha kama redio."

"Wewe unauliza picha ziko wapi. Yeye aliuliza kingine."

"Angeniambia cha kuuliza basi."

Neno hilo la Tuhafeni lilimkaa Elfriede kichwani. Siku iliyofuata alimwuliza Magrieta, "Mume wako ni mtu wa maswali?"

"Erastus? Yule humwuliza hata mbwa anatoka wapi."

"Basi tusimweleze kitu. Nitakuja na kamera, niketi tu mpaka aulize mwenyewe."

Jumapili baada ya ibada Elfriede alikaribishwa uani kwa akina Harases. Palikuwa na jua, jambo la nadra, na maandazi ya moto, na chai nyekundu ya porini. Alikunywa, akamsifu mwenye nyumba kwa kwaya, akaiweka kamera mapajani na kunyamaza. Erastus alikuwa mrefu, mwenye tai aliyokuwa bado hajailegeza. Alijitahidi. Aliongea habari za upepo na paa la kanisa. Macho yakawa yanashuka mapajani mwa mgeni, yanapanda, yanashuka.

"Hiyo ni kamera?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Filamu bado zinapatikana?"

"Zinapatikana kwa shida."

"Na picha mtu anaionea wapi?"

"Tazama mwenyewe, mzee Erastus," Elfriede akasema, akampa. "Mtazame mama pale mlangoni."

Magrieta alikuwa amesimama mlangoni akiwa na birika mkononi. Erastus akaweka jicho. Akaishusha kamera, akaipangusa kwa tai, akatazama tena.

"Imeharibika," akasema.

"Kwa nini?"

"Inaonyesha watu wawili. Mmoja ni Magrieta. Na huyu mwingine..." Akasita. "Naye ni Magrieta, ila kama ametoka ndani ya mwenzake akasimama kando."

"Haijaharibika, mzee."

"Ndivyo ninavyokuona, Erastus," Magrieta akasema pale mlangoni. Alisema polepole, kama anayemsomea mtoto. "Hivyo hivyo. Ila wewe unaona hapo katikati tu. Mimi ni kila mahali. Na sina pete ya kuzungusha."

Erastus hakuishusha kamera. Pengine kwa kuwa ilimfunika uso.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi. Nilikwambia."

"Uliniambia," akakubali. Kuku alipita katikati ya uwanja, naye bado ameishika kamera usoni. "Sasa ninapokusemesha... unamjibu yupi?"

"Yule anayenyamaza."

Elfriede aliinamia chai yake. Mabega ya Erastus yalianza kutikisika, na kwa vile uso haukuonekana, hakuna aliyejua kama ni kicheko au ni kilio. Kidole chake kikateleza juu ya kitufe, kamera ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayefunga kopo.

"Nimeivunja," akasema.

"Umepiga picha," Elfriede akamjibu.

Erastus akaiweka kamera mezani kwa mikono miwili. Akakusanya vikombe, cha mgeni, chake na cha mkewe, akaenda kuviosha. Hakunusa hata kimoja.

Kesho yake alimpeleka Magrieta zahanati yeye mwenyewe, na ndiye aliyeongea, maana hakutaka mkewe aseme tena jambo ambalo lilishawahi kukataliwa. Nesi akawaandikia kwenda kwa madaktari wa macho Windhoek. Huko waliambiwa kwamba msuli mmoja mdogo unaozungusha jicho umelegea, na kwamba sukari imepanda mwilini mwa Magrieta kwa muda mrefu bila kujulikana. Akapewa dawa, akakatazwa vitamu, akapewa na miwani ambayo kioo chake kimoja ni kinene upande mmoja, kinaipinda picha ikarudi mahali pake. Ngazi za kushuka zilibaki ngumu kidogo. Mengine yalikutana.

Jumapili moja, matangazo yalipokwisha, Erastus alisimama mbele ya kwaya yake. "Mke wangu hanywi," alisema. "Aliumwa macho, nami nikamhukumu. Nilitaka mlisikie kwangu." Akaketi, akatafuta wimbo kitabuni, akakosa ukurasa mara kadhaa.

Baada ya hapo wanawake wa Mondesa walikuwa wakimsimamisha Elfriede njiani. "Hebu tuone anavyoona Magrieta." Naye aliwapa. Wakatazamana kwa zamu kupitia kidirisha, wakasema mambo. "Huyu wangu akiwa wawili, mimi nahama," mmoja alisema, na mwenzake akamjibu, "Labda wa pili anaosha vyombo." Elfriede alisimama katikati yao akisubiri kamera yake irudi, na hakuona haja ya kuharakisha. Tuhafeni naye alipewa. Alitazama magari yake yote, moja moja, akasema sasa ana kazi mara mbili kwa mshahara uleule.

Filamu ilipelekwa Windhoek, ikarudi baada ya wiki nyingi. Picha ya Erastus ilikuwa imo: mlango, mwanga, na Magrieta na birika lake, mmoja tu, mwenye kingo laini zilizoyeyuka, kama mtu anayekumbukwa.

"Yuko wapi wa pili?" Erastus akauliza, kwa masikitiko ya kweli.

"Filamu haimwoni, mzee. Ni kidirisha tu kinachomwona."

Aliitundika hivyohivyo, karibu na cheti chao cha ndoa.

Magrieta aliendelea kuja gatini. Asubuhi moja yenye ukungu mwingi alisimama na Elfriede mwisho wa gati, pale ambapo maji na hewa havitofautiani rangi, akatazama muda mrefu na miwani yake.

"Nikwambie jambo, usinicheke," alisema. "Kuna kitu nimekikosa."

"Nini?"

"Bahari ile nyingine. Ilikuwa kando ya hii, nyembamba, haina sauti. Nilikuwa nikija hapa kuitazama hata kabla sijakujua. Nyumbani vile viwili viwili vilinitesa. Hapa vilinitosha."

Elfriede hakucheka. Magrieta akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, na badala ya kuivaa akaishika tu mkononi. Akatazama. Uso wake ukalegea kama wa mtu anayesikiliza wimbo uanzao nyumba ya jirani. Mawimbi yalikuja kwenye nguzo, na huenda mengine yalikuja pembeni yake, kimya, kwenye nguzo nyingine.

Alipochoka kusimama alirudi nyuma, bado ameyakodolea maji macho, akainama ili aketi. Elfriede akamdaka kiwiko.

"Silo hilo, dada," akamwambia, akamvuta taratibu kwenye benchi lenyewe.

"Nalijua," Magrieta akasema, akaketi. "Ila lile nalo lilionekana zuri."