Mikono ya Koti la Cirhuza

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Maman Eulalie alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake huko Kadutu, juu kidogo ya soko, akisafisha kiti cha pikipiki. Kwanza alikipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha alichovya kitambaa kingine katika povu la sabuni, akakikamua mpaka kisidondoshe hata tone, akafuta kwa upande mmoja tu. Maji yenyewe hayakutakiwa kuigusa ngozi. Hilo alikuwa amewaambia wamotari wote waliobeba abiria kwa pikipiki Kadutu, na walimsikiliza, kwa sababu viti alivyopaka mafuta havikupasuka kwa jua.

Makoti yalimjia kutoka kwa wale waliokwenda mbali, mpaka Kamituga. Koti la motari, hata likitundikwa msumarini, hukunja viwiko mbele kana kwamba bado limeshika usukani. Hakuna aliyeona ajabu. Ngozi hukaa jinsi mwenyewe alivyokaa.

Mwanamke alipanda njia akiwa na koti jeusi kwapani. Halikukunjika. Alilibeba kama mtu anavyobeba ubao.

"Jambo, maman."

"Jambo sana, mutoto yangu. Ikala."

"Mi niko Priscille, muke ya Cirhuza."

Eulalie alimkumbuka Cirhuza. Siku moja ya mvua alimpandisha kutoka sokoni mpaka mlangoni pake, akateremsha gunia lake la mkaa, akaondoka kabla hajashukuriwa. Alikuwa amekufa majuma matatu yaliyopita, kwenye barieri ya njia ya Mumosho, pale watu wenye bunduki hufunga njia kwa kamba.

Priscille alieleza habari ya koti. Siku ya kuondoa matanga, shangazi zake Cirhuza walipeleka nguo zake zote mtoni, kama desturi ilivyo, wakafua kila kitu. Mashati, suruali, na koti pia. Hawakutaka kitu chake chochote kiachwe peke yake. Kisha wakalianika juani siku mbili.

Eulalie alilipiga kwa kidole. Lilitoa sauti ya mlango.

"Mbele ya kuifula," aliuliza, "ilikuwa inakunywa?"

Priscille alisimama. "Hata weye, maman?"

"Nini?"

"Karatasi ya kifo yenye ofisi iliandika inasema alikunywa. Ati alilewa, akaanguka yeye mwenyewe juu ya jiwe. Mutoto yangu ku masomo banamuita mutoto ya mulevi. Miaka kumi na mbili Cirhuza hagusi pombe, alikula kiapo mbele ya padri! Na weye unaniuliza kama alikuwa anakunywa?"

"Mi naulizia koti, mama. Mafuta. Ngozi inakunywaka mafuta."

Priscille aliketi tena. Wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Ile neno njo nataka itoke ku karatasi," Priscille alisema. "Kufa, amekufa. Lakini ile neno itoke."

Eulalie alisema kwamba mambo ya karatasi hayajui. Koti alilijua.

Alichanganya mafuta ya ng'ombe na nta ya nyuki, akaviyeyusha juu ya makaa, akavipoza kidogo. Alipaka kwa vidole, miviringo midogo midogo, akianzia kwenye kola. Nyuma, katikati ya mgongo, palikuwa na tundu. Eulalie alilitazama muda mrefu. Jiwe huchubua ngozi, na msumari huichana. Tundu hili lilikuwa la mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati, na kingo zake zilielekea ndani. Alipaka kando yake polepole, kama mtu anavyopaka mafuta kando ya kitovu cha mtoto mchanga.

Koti lilikunywa siku tatu. Kila alipolipaka asubuhi, saa sita lilikuwa kavu. Adélaïde, jirani yake aliyeimba kwaya, alimletea kopo lake mwenyewe la mafuta, ingawa hakuombwa.

Siku ya nne ngozi ikawa laini, na mikono ikaanza kusogea. Eulalie alingojea viwiko vikunjike mbele, kama vya makoti yote. Havikukunjika. Mikono ilipanda juu, wa kuume kisha wa kushoto, ikapita kola, ikasimama hewani. Aliishusha. Ikapanda tena taratibu, kama ya mtu aliyeambiwa asifanye haraka.

Basi akalisogeza koti msumari wa chini, mikono isigonge bati la kibanda, akaendelea na kazi nyingine.

Watu waliopita walilitazama. Adélaïde alisema, "Anasifu Bwana. Hata ku Misa njo alikuwa anainua vile."

Mchana alikuja Willy, motari aliyekuwa akiegesha na Cirhuza kwenye kona moja. Alivua kofia yake ya pikipiki, akaishika kifuani.

"Ile haiko sifa," alisema. "Ni barieri. Sisi bote tunafanyaka vile, bakituelekezea bunduki." Alisogeza kidole karibu na tundu, akakirudisha. "Na alikuwa amebapatia mugongo."

Alhamisi ya juma lililofuata Willy aliwabeba Eulalie na Priscille mpaka ofisi iliyoandika karatasi, koti likawe ushahidi. Eulalie alikaa katikati. Priscille alikaa nyuma, na koti juu ya mapaja yake, mikono juu. Njiani watu waliona mikono ile wakadhani ni salamu. Wengi waliitikia.

Ofisini palikuwa na askari kijana mlangoni. Alimletea Eulalie kiti, akakipangusa kwanza kwa kiganja chake. Eulalie aliliona hilo. Mkubwa wa ofisi aliitwa Télesphore, mtu mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Kando yake palikuwa na karani.

"Hii koti inaongea?" Télesphore aliuliza.

"Haiongee," Priscille alisema. "Inainua mikono."

"Naona."

Alisimama, akalizunguka. Alipokuwa nyuma yake, mikono ilipanda zaidi. Karani alisogeza mhuri wake usianguke.

"Na hii?" Priscille alionyesha tundu.

"Jiwe."

"Jiwe haitobolake ngozi, muheshimiwa," Eulalie alisema.

"Mawe ya kule ni kali, maman. Weye njo fundi? Sema tu yenye uliona, karani anaandika."

Eulalie hakuwa amewahi kuulizwa neno katika ofisi. Alinyoosha kitambaa chake cha kichwa, akasema ukweli wote, kwa utaratibu wa kazi yake.

"Banaileta iko nguvu kama bao. Nikapakaa mafuta. Ilikunywa, muheshimiwa. Ilikunywa sana. Siku tatu haiachi. Miaka yote ya kazi yangu, sijaona yenye kukunywa vile."

Karani aliandika. Kalamu yake ilikuwa nzuri, haikukwama.

"Kisha?"

"Kisha ikainua mikono."

"Vizuri. Soma, karani."

Karani alikuwa ameandika kwa Kifaransa, kama ofisi zote. Sasa alisoma kwa Kiswahili, ili maman wasikie. Shahidi, fundi wa ngozi, anahakikisha kwamba alikunywa, alikunywa sana, siku tatu bila kuacha. Kisha, mbele ya mkubwa wa ofisi, akainua mikono, yaani anakubali kosa.



"Koti," Eulalie alisema. "Nilisema ilikunywa. Sikusema alikunywa."

"Njo tumeandika," alisema karani. "Kwa Kifaransa iko neno moja tu, maman. Koti ni *il*, na mutu ni *il*."

"Basi andika kama ni koti."

Télesphore alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama bibi yake mwenyewe.

"Koti inakunywaka, maman? Hii ni ofisi. Hatuandikake mambo ya kuota."

Juu ya meza, mikono ya koti ilikuwa bado hewani. Karani aliinama ili aufikie wino chini ya mkono wa kushoto, akapiga mhuri. Priscille akapewa nakala.

Mlangoni askari kijana alimsaidia Eulalie kushuka ngazi. Koti lilipopita mbele yake aliangalia viatu vyake. "Pole, maman," alimwambia Priscille, sauti ndogo sana. Katika ofisi nzima ni yeye peke yake aliyesema hivyo.

Willy aliwarudisha mpaka Kadutu. Waliposhuka, Eulalie alimshika Priscille kiwiko.

"Mi njo nimekuharibishia, mutoto yangu. Na mudomo yangu."

"Hapana, maman. Weye ulisema koti."

Priscille aliziweka karatasi zote mbili ndani ya sanduku, chini ya shuka. Ya kwanza ilisema alikunywa. Ya pili ilisema alikunywa sana. Shuleni waliendelea kumwita binti yake vilevile, na mwezi wa sita mwalimu akamhamishia dawati la nyuma.

Kiangazi kikaja na asubuhi zake za baridi. Priscille alikwenda Mumosho mara mbili kwa juma kutafuta ndizi za kuuza, na nguo nzito hakuwa nayo nyingine. Akalivaa koti. Lilimfaa mabegani. Lakini kila alipokaribia barieri mikono ilipanda, na mikono yake ilikuwa ndani. Watu waliokuwa nyuma yake walipunguza mwendo.

Eulalie aliposikia hayo, aliingia ndani, akatoka na karai lake kubwa la bati, lile aliloolewa nalo. Alimwekea Priscille kichwani. Mikono ya koti ilipopanda, ilikuta ukingo, ikaushika.

"Sasa uko kama sisi bote," Eulalie alisema.

Kila baada ya miezi mitatu Priscille hulileta koti. Eulalie hulipangusa vumbi, hulipaka mafuta, huzunguka tundu kwa kidole kimoja.

"Ingali inakunywa?" huuliza Priscille.

"Inakunywa, mama."

Adélaïde akiwapo huleta chai. Kisha Priscille huvaa, huweka karai kichwani, na huteremka njia.

Pale barieri wanamjua. Ni watu walewale, na kamba ni ileile. Akitoka Mumosho na ndizi, mmoja wao huacha bunduki yake ukutani, akamsaidia kupandisha karai, kwa sababu mzigo ni mzito. Priscille husimama mbele yao, mikono yote miwili juu, pale pale Cirhuza mwenyewe alipoiinua, na wao huinua kamba.

"Pita, maman," humwambia. "Polepole, usianguke."