Shibiri Nne za Chaki

Springi ilimvunja shemeji mikono yote miwili, na fundi alijua mapema kwamba mikono miwili haitoshi.

Mashine aliiunda mwenyewe: springi ya lori, na mbele yake pande la chuma linaloteleza juu ya meza. Unavuta wenzo, pande linarudi nyuma na kuibana springi, pini inalizuia. Ukichomoa pini, pande linaruka na kutoboa bati. Matundu ya pini yalikuwa mawili: la karibu, na la mbali ambako springi hubanwa maradufu.

Siku moja kabla, aliijaribu bila bati. Tundu la karibu, pande liliteleza shibiri moja likasimama. Tundu la mbali, shibiri nne. Si mbili. Akarudia, zikawa nne zilezile. Akaweka alama za chaki mezani, akaenda kula.

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa kinyozi. Jumatatu hakuwa na wateja, akaja kumsaidia. Asubuhi nzima alishika kwa mkono mmoja gogo la kuegemeza bati, tundu la karibu, huku mdomo haupumziki.

"Shemeji, hii mashine imemrithi dada yako. Kelele nyingi, kofi dogo."

"Nitamwambia."

"Mwambie tu. Unadhani nimekuja huku kufanya nini kama si kujificha?"

Mchana ikafika zamu ya bati nene. Fundi akavuta mpaka tundu la mbali. Gogo lilitakiwa kubanwa kwenye jiriwa, lakini jiriwa ilikuwa imeshika bawaba ya geti, na kuifungua na kuipanga upya ni robo saa nzima.

"Sasa nimebana mara mbili," akasema.

"Basi nashika kwa mikono miwili. Hiyo si hesabu, shemeji, hiyo ni chekechea."

Fundi aliitazama chaki. Akacheka naye. Akachomoa pini.

Bati lilitoboka, gogo likapasuka, na pande halikusimama hapo.

Watu humfariji kwamba ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, imechorwa mezani.

Mkono wa kushoto uliunga. Wa kulia umebaki na kidole gumba na kimoja kisichokunjika, na mkasi haushikiki hivyo. Dada hupita mlangoni pa karakana bila kugeuza shingo.

Vidole vitatu. Kazi ya miaka kumi na tisa. Dada mmoja, na hana mwingine.

Aliokoa robo saa.