Kiyoyozi cha Meza Kuu

Philomena aligundua wizi huo saa tatu asubuhi, alipotoka kwenye kikao cha wauguzi na kufungua mlango wa chumba cha watoto njiti. Joto lilimpokea mlangoni. Chini ya dirisha, mahali ambapo kiyoyozi cha magurudumu kilikuwa kimesimama kwa siku tisa, hapakuwa na kitu. Lilibaki tundu la duara kwenye ubao wa dirishani, ambamo bomba lake la kutolea hewa ya moto lilikuwa likipita, na kwenye tundu hilo vumbi la malori ya mgodini lilikuwa linaingia bila hodi.

"Nani amekichukua?"

Akina mama wanne walitazamana. Kila mmoja alikuwa na mtoto kifuani, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Aliyejibu ni Limi, binti wa miaka ishirini kutoka Mwakitolyo, ambaye mwanawe alikuwa amezaliwa wiki saba kabla ya wakati na alikuwa na gramu elfu moja na mia tatu.

"Ni Katibu, Sista. Alikuja na wanaume wawili. Kasema kinaenda ukumbini kwa mgeni, kitarudi."

"Na ninyi mkakaa kimya?"

"Tungesema nini, mayu, mama yetu? Yule ni mkubwa."

Philomena aliuma meno. Hakuwa na hasira na Limi. Hasira yake ilikuwa na Katibu, na huyo alikuwa anamfahamu vizuri sana.

Chumba kile kilikuwa na mashine yake juu ya paa. Miezi ya kipupwe ilipasha chumba joto, na kiangazi kikibisha hodi ilitakiwa igeuzwe ianze kupoza. Kila mwezi wa tisa fundi huizima, huisafisha vumbi, huijaza gesi na kuigeuza, na kwa siku zile za katikati kituo cha afya hukodi kiyoyozi cha kusukuma ili watoto wasipikwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakikuwa na kazi nyingine. Mwaka huu mashine ya zamani ilikuwa imeng'olewa kabisa, inafungwa mpya. Lakini kwa miaka kumi na miwili Philomena alikuwa ameshuhudia muujiza uleule: kifaa cha kukodi kikifika tu, kila mwenye ofisi pale kituoni anaanza kuugua joto. Mwezi wa sita, mashine inapogeuzwa tena na kukodiwa hita, wote wanaanza kuugua baridi. Mwaka juzi aliisaka hita ya njiti jengo zima, akaikuta chini ya meza ya mhasibu, imeanikiwa soksi.

Aliangalia kipimajoto cha ukutani. Nyuzi thelathini na tatu, na jua lilikuwa halijakaa sawa. Akampima mtoto wa Limi kwapani. Thelathini na nane na pointi moja. Mtoto alikuwa amewiva usoni, anavuta pumzi tatu za harakaharaka, anapumzika, halafu anavuta tena. Mapumziko yale yalimfanya Philomena naye abane pumzi.

"Mvue kofia na soksi. Mkamulie maziwa sasa hivi, umpe kidogokidogo kwa kikombe. Akiacha kupumua, msugue unyayo. Usimwondolee macho."

"Atakufa, Sista?"

"Sio leo," alisema Philomena. Ilimkera kwamba hakuwa na hakika na neno lake mwenyewe. Alimwita muuguzi mwenzake, Violeth, akae na wale mama, kisha akatoka bila kuvua aproni.

Nyuma ya jengo alimkuta Mihayo, fundi wa viyoyozi kutoka Kahama, ameketi kwenye ngazi yake, mikono magotini. Fundi anayeketi saa za kazi ana jambo.

"Mihayo, mashine mpya ya juu inawaka lini? Leo si ndiyo inazinduliwa?"

Mihayo alitazama chini. "Sista, ile haiwaki leo wala kesho. Kompresa, ule moyo wake, iliyoletwa siyo yenyewe. Nilimwambia Katibu tangu Jumatatu tuahirishe sherehe. Kasema kadi zimeshasambazwa na mgeni rasmi ameshathibitisha."

"Sasa mgeni anakuja kuzindua nini?"

Mihayo alinyoosha kidole kuelekea ukumbini.

Philomena alikwenda karibu anakimbia. Mbele ya ukumbi ngoma zilikuwa zinapashwa moto, na mshereheshaji alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, wakati mgeni mwenyewe alitarajiwa tangu saa mbili na hakuna aliyejua alipo. Ndani, meza kuu ilikuwa imevalishwa vitambaa vya bluu na vyeupe, ina maua ya plastiki na maji ya chupa. Viti vitano vilikuwa vitupu. Na pembeni ya kiti cha katikati, kimefutwa vumbi mpaka kinang'aa, kilisimama kiyoyozi chake. Kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu kiunoni, na juu yake limebandikwa bango: UZINDUZI WA MFUMO MPYA WA HEWA, CHUMBA CHA WATOTO NJITI.

Alilisoma bango lile mara mbili.

Halafu akaona jambo jingine. Bomba la kutolea hewa ya moto, ambalo lazima lipitishwe nje, lilikuwa limekunjwa na kufichwa chini ya vitambaa vya meza kuu, kwa sababu eti linaharibu mapambo. Akainama, akaweka mkono. Moto ulikuwa unavuma kwenye miguu ya kiti cha mgeni rasmi. Mashine ilikuwa inatoa baridi mbele na joto nyuma, ndani ya chumba kilekile, inaiharibu kazi yake yenyewe. Ukumbi ulikuwa na joto kama nje. Kwa hiyo watoto wanne walikuwa wanapikwa kule, na hapa hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anapoa!

"Sista Philomena, usiguse hapo, tafadhali."

Charles, katibu wa kituo, alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokwisha kulowa mgongoni. Hakuwa mtu katili. Philomena alikuwa amemuona akitoa gari lake usiku na mchana kuwahisha wagonjwa. Lakini likitajwa neno mgeni rasmi, akili zote zilimruka.

"Charles, mtoto wa Limi ana nyuzi thelathini na nane. Anasahau kupumua."

"Nusu saa tu, Sista. Akate utepe, tupige picha, kinarudi. Wafunguliwe madirisha."

"Vumbi la malori liwaingie mapafuni? Wewe umewahi kuingia chumba kile mchana wa mwezi wa tisa?"

"Unataka niaibike mbele ya mkoa mzima?" Sauti ilimpanda. "Mgeni amefika Didia, yuko njiani! Nimwambie mashine haipo?"

"Ndiyo! Mwambie hivyohivyo, kwa Kiswahili!"

Ngoma zilinyamaza. Binti aliyepangwa kushika sinia alikuwa amesimama mlangoni, na juu ya sinia, kwenye kitambaa cheupe, kulikuwa na mkasi wa dhahabu wa kukatia utepe. Philomena alimwendea. Hakumnyang'anya. Alisema, "Samahani mwanangu," akauchukua mkasi, akarudi mpaka kwenye kiyoyozi, akakata utepe mara moja, katikati. Akaurudisha mkasi kwenye sinia kwa adabu zote.

"Kimezinduliwa," alisema.

Akachomoa waya, akalivuta bomba kutoka chini ya vitambaa, ua moja la plastiki likaanguka nalo, akaanza kusukuma. Hakuna aliyemzuia. Magurudumu yalipiga kelele kwenye saruji, yakakwama kwenye changarawe ya uwanja, na hapo Mihayo akatokea, akashika upande wa pili. Wakapita hivyo katikati ya wacheza ngoma waliovaa njuga, utepe unaburuzika nyuma yao.

Chumbani, mtoto wa Limi alikuwa amefika thelathini na nane na nusu. Violeth alikuwa anamsugua unyayo. Mihayo alipachika bomba kwenye tundu la dirishani, akaziba pembeni kwa mkanda wa plasta, akachomeka waya. Kiyoyozi kikakohoa, kikavuma. Philomena alishika kipimajoto, akahesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi kwa dakika arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na saba na pointi saba. Mtoto akapumua, akapumua, akapumua, na kisha akalia kilio chembamba cha njaa. Limi naye akalia, bila aibu yoyote.

Ndipo nyayo nyingi zikasikika kwenye korido. Charles hakuwa na pengine pa kumpeleka mgeni. Mlango ukafunguliwa, akatokea mzee mnene mwenye skafu shingoni, nyuma yake suti na kamera.

"Sasa huu mfumo mpya ndio upi?" mgeni rasmi aliuliza kwa furaha. "Ni hiki hapa?"

Charles alimtazama Philomena kwa macho ya kuomba. Philomena alifungua mdomo, lakini Limi, ambaye asubuhi alikuwa hana la kumwambia mkubwa, alimtangulia. Alipiga goti kidogo, mtoto kifuani, kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, baba. Hiki ni cha kukodi. Kipya hakiwaki. Asubuhi walikitoa kwa mwanangu wakakuwekea wewe, na wewe hujafika. Mwanangu nusura afe."

Kamera zilishuka. Kiyoyozi peke yake kiliendelea kuvuma.

"Marahaba," alisema mgeni rasmi.

Philomena aliutazama mlango uliokuwa wazi nyuma yao.

"Basi naomba mfunge mlango," alisema. "Baridi inatoka."