Aspirini za Mama Alliance

Mama Alliance alipoanza kutoka damu puani kwenye foleni ya mpaka wa Mpondwe, akivuka kutoka Kongo kuja Uganda, watu walitawanyika, wengine wakaacha mizigo. Ilikuwa mwaka 2019, Ebola ikiua kwao Beni, na jana yake tu mimi Marita, muuza vitunguu, nilikuwa nimekula naye ugali wa muhogo bakuli moja.

"Niko muzima, dada!" alinililia. "Iko damu ya pua tu!"

Lakini ile damu iligoma kukauka. Wahudumu wa afya wakampeleka hospitali ya Bwera, kwenye hema la kutengwa wagonjwa. Nilikaa nje ya uzio kungoja majibu, na aliyeniambia nitulie nilimfokea.

Siku iliyofuata Daktari Bwambale alikuja mpaka kwenye uzio, uso wazi, bila barakoa.

"Hapana Ebola, mama. Rafiki yako anameza aspirini kila siku ya kuvuka."

Kumbe! Alihofia jua na furushi lake la vitenge vya kuuza vitampandisha joto, na kile kipimo cha joto cha kwenye paji pale mpakani kitamrudisha Kongo. Alikuwa anatibu homa asiyokuwa nayo, mpaka akajiletea damu ya kutisha watu.

"Kwa damu kuna chembe sahani, ndogo sana," daktari alisema. "Mshipa ikitoboka, zinakimbia pale, zinatoa kama mikono, zinashikana, zinaziba. Yeye iko nazo za kutosha. Lakini aspirini inazinyamazisha, haziitani tena."

"Zitapona?"

"Zile za zamani, hapana. Lakini mwili inatengeneza mpya kila siku. Aache vidonge tu."

Nilicheka, nikalia, nikamwita daktari mwizi wa usingizi wangu. Furaha ilinizidi.

Wiki chache baadaye nilikwenda tena mpakani kumpokea. Alikuwa analowa jasho, na safari hii hakuwa amemeza kitu. Kipimo kilipoelekezwa usoni pake alifumba macho.

"Pita, mama," mpimaji alisema.

"Napita? Bila kidonge?"

"Kidonge gani? Pita, watu wanangoja!"

Tangu Ebola ianze, hakuna aliyempa mwenzake mkono pale mpakani. Mama Alliance akanipa wake, ukinuka jiki, ile dawa ya klorini ya kunawia. Niliushika, na sikuuachia mpaka sokoni.