Wanaume Waliotoka Bombani

Jumamosi ile bomba la Site lilipozinduliwa, Chileshe alifika mapema na ndoo yake ya bati, akawa wa kwanza kwenye mstari. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1952, na Mpango wa Kutengeneza Miji ulikuwa umefika hatimaye Site, upande wa weusi wa Élisabethville: nguzo ya saruji yenye robine moja ya shaba ya kufungulia maji, utepe, na Mzungu wa kazi za maji ambaye kila mtu alimwita Kipimo, kwa sababu hakuachana na futi yake ya kukunja. Kipimo alihutubia kidogo, akakata utepe, akapanda gari kwenda kula. Chileshe akasogeza ndoo na kufungua robine.

Bomba lilikohoa. Likatema hewa, likatema vumbi jekundu, kisha vikatoka vidole vya mtu, mkono, bega, na mwishowe mume wake Rigobert, mzima mzima, katika nguo zile zile alizoondoka nazo kwenda kazini mwaka uliopita. Akasimama kando ya ndoo akijipangusa macho.

"Usikanyage pale," Régine, jirani yao, alimwambia. "Simenti haiyakauka."

Rigobert akasogea. Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, wote wa kundi lililochimba mtaro wa bomba kuu. Wanawake wakasogeza ndoo zao kuwapa nafasi, na kila aliyemwona wake akamchukua. Wa Régine alikuwa Chomba, lakini Régine alikuwa ameshaolewa na mchochea moto wa reli. Alimletea Chomba kiti, akamwomba radhi, akamkalisha uani chini ya kamba ya nguo. Mume mpya aliporudi wakasalimiana kwa adabu. Maji hayakutoka.

Mwaka mzima Chileshe alikuwa ameishi na neno moja: ametoroka. Wanaume wale walipokosa kurudi, kapita Edouard, mnyapara wao, alipita nyumba kwa nyumba akisema wamevunja mkataba, wamekimbilia Rhodesia. Ndugu za Rigobert walikuja kutoka Kambove, wakamwambia kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye ugali, bukari ya moto; wakachukua baiskeli na cherehani wakaenda zao. Kanisani watu walimpa pole kwa sauti ya chini, ile wanayompa mke aliyeachwa.

Jioni alimpikia bukari na matamba, majani ya muhogo. Rigobert alinawa, akakaa mbele ya sahani, asile. Udongo ulikuwa ukimdondoka masikioni kidogo kidogo, na Chileshe akawa anafagia. Kisha akamuuliza kama ni kweli alikimbia.

"Ukuta ya mutaro ilituangukia," Rigobert alisema. "Tulikuwa tunaita. Kipimo akasema siku ya feti, sikukuu yabo, iko karibu, hakuna wakati ya kufukua. Balitia bomba juu yetu, balifunika."

"Na mayi?"

"Mayi inapita. Mwaka muzima nilikuwa naisikia juu ya kifua. Inaenda ku bazungu. Bomba ya huku kwetu balilaza pembeni, habakuiunga."

Chileshe alilia kidogo, zaidi kwa ajili ya mwaka ule kuliko kwa ajili ya kifo. Jumatatu akamvalisha shati safi, akampeleka mjini, ofisi ya kazi za maji. Hakwenda kudai fidia. Alitaka mtu mwenye cheo aseme, mbele ya watu, kwamba mume wake hakutoroka.

Kipimo aliwasikiliza, kapita Edouard akitafsiri. Alimzunguka Rigobert, akamgusa bega kwa futi yake, akaona udongo umebaki kwenye futi, akaupuliza. Kisha akaeleza, bila ukali wowote, kwamba mtu anayesimama kwa miguu yake hawezi kuitwa marehemu. Na kama si marehemu, basi mwaka mzima hakuwa kazini. Mkataba wake ulikuwa haujaisha. Na wenzake vivyo hivyo.

"Anauliza kama unaweza kushika beleshi," Edouard alisema, bila kumtazama Chileshe.

Rigobert alijibu kwamba anaweza. Alikuwa mtu wa kusema kweli.

Rigobert na wenzake wakapelekwa Karavia, upande wa Wazungu, kuchimba mtaro wa kupeleka maji kwenye bwawa jipya la kuogelea la Wazungu. Kwa kuwa hawakula, posho yao ilifutwa. Kwa kuwa hawakulala, hawakupewa nyumba. Jioni walirudi kuingia bombani, na asubuhi Edouard aliwafungulia, maana robine ilikuwa imeshatiwa kufuli ili wanawake wasiichezee. Watu wa Karavia waliwasifu kwa utulivu wao.

Chileshe alimwendea padri, akaomba misa ya wafu. Padri alifikiri sana, kisha akasema hawezi kumwombea marehemu mtu anayemsalimia njiani kila asubuhi. Jumapili iliyofuata Chileshe alipiga magoti kwenye nguzo, akaweka mdomo kwenye robine na kumwomba mume wake asitoke tena. Apumzike, kama wafu wengine wanavyopumzika.

Sauti ilikawia kufika. "Edouard eko na fungulo," Rigobert alijibu kutoka ndani.

Kabla mvua hazijaanza, bwawa lilijazwa, na mtaro ukaendelezwa kuelekea bustani za nyumba za Wazungu huko juu. Ulikata katikati njia ya wanawake wa Site kwenda kijitoni. Chileshe alifika pale na ndoo, akamkuta Rigobert yuko chini, udongo ukimfika kifuani. Alipomwona mkewe alipanda, akalaza ubao juu ya mtaro, akaukanyaga ncha moja usitikisike.

"Mayi iko?" Chileshe aliuliza, akionyesha bomba.

"Iko. Inapita tu."

Alimshukuru, akavuka. Kijito kilikuwa kimekauka karibu chote, ikabidi ainame muda mrefu akichota kwa kikombe. Aliporudi, ubao ulikuwa umechukuliwa kwa kazi nyingine, na wanaume walikuwa wamesogea mbele, migongo yao tu ikionekana. Akatengeneza kata kichwani, akauzunguka mtaro na ndoo yake.