Kiti cha Nyuma

Mke wa Fundi alikata shauri kwamba haendi tena hospitali. Alilisema hilo akiwa amelalia ubavu sebuleni, kwa sauti ile ile ambayo angesemea kwamba chumvi imekwisha. Daktari alitaka apigwe mionzi ya kuua uvimbe wa mgongoni kila wiki mpaka dozi ikamilike, na bila hiyo, alisema, miguu itakufa ganzi, kisha mengine yatafuata. Mama huyo aliyasikia yote.

"Mionzi yenyewe haina neno," alisema. "Ni njia. Njia ndiyo inayoniua."

Na kwenye njia hiyo dereva alikuwa Fundi. Gari lilikuwa la familia, lile jeupe lililoinuka juu, lililowapeleka watoto wote shuleni mpaka wakaota ndevu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika usukani wake. Huo ulikuwa msimamo wake tangu ujana: yeye haendeshwi. Hata gari la mteja pale gereji alilijaribu mwenyewe, kosa akalisikia kwa viganja na kwa makalio, na mwili ule haukuwahi kumdanganya. Kwa hiyo mkewe alipoanza kupiga ukelele kwenye matuta, huko nyuma alikolazwa juu ya mito, Fundi aliamini kwamba ugonjwa umezidi. Akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Mwishowe wakawa wanapitwa na baiskeli, na mama bado analia.

Binti yao wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alikuja akambembeleza mama akubali kwenda mara moja tu. Kisha akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Leo naendesha mimi, baba. Wewe kaa na mama, umshike."

"Na mimi atanishika nani? Breki unazikanyaga kama unaua mende."

"Baba."

Akatoa ufunguo.

Akakaa nyuma, kichwa cha mkewe mapajani mwake. Tuta la kwanza lilikuwa dogo, pale karibu na shule, na binti alilipanda taratibu. Mbele gari lilipita salama. Nyuma liliinuka, likaanguka kwa kishindo, likainuka tena, na likaendelea kuruka lenyewe hali barabara ilikuwa imeshanyooka. Chini ya kiti chuma kiligonga chuma. Mkewe aliuma upindo wa shuka. Shokapu za nyuma, zile za kuzuia gari lisirukeruke, zilikuwa zimekufa! Za mbele alikuwa amezibadilisha mwenyewe mwaka uliopita, kwa sababu za mbele alizisikia.

Waliporudi nyumbani kutoka hospitali alikandamiza bampa ya nyuma kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari likadunda, likadunda tena, likakataa kutulia. Akalala chini akachungulia. Shokapu zote mbili zilikuwa zimelowa oili iliyovuja na kugandamana na vumbi, na alipopitisha kiganja juu ya tairi alikuta imelika mabonde mabonde. Mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angeliona hilo. Aliingia ndani akakaa sakafuni, karibu na mkewe.

"Mke wangu, mbona hukuniambia gari linaruka namna hii?"

Mama alimgeukia.

"Nilidhani unajua. Wewe si fundi?"

Hakuwa amekasirika, na ndicho kilichomkata maini Fundi. Angetukanwa angepata nafuu.

Asubuhi alinunua shokapu mbili, maana hizi hubadilishwa kwa jozi. Alipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi za chuma, akavua matairi. Nati za juu zilijificha ndani ya buti ya mizigo, nyuma ya plastiki. Bolti za chini zilikuwa na kutu, akazibembeleza kwa mafuta. Springi zinazozizunguka shokapu alizibana polepole, kwa hofu, kwani moja ikifyatuka huvunja taya. Bolti za chini hakuzikaza kabisa mpaka gari liliposimama kwa miguu yake. Binti ndiye aliyempa spana.

Kisha Fundi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya ufundi. Alimkabidhi binti ufunguo, akapanda nyuma, akalala juu ya mito ya mkewe, kichwa upande ule ule.

"Nipeleke mpaka hospitali. Usikwepe tuta hata moja."

Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Kila tuta, likatulia. Fundi alilia pale alipolala, kwa sauti, na binti akawasha redio.

"Nimelala pale pale unapolala," alimwambia mkewe baadaye. "Twende mara moja tena. Ukishindwa nageuza gari, na sitakuomba tena."

Siku ya mionzi binti alikuwa amesharudi kazini. Kwenye tuta la shule Fundi alikaribia kusimama kabisa, mabega yamempanda, akisubiri ukelele. Kimya. Tuta la pili, kimya. Akatazama kwenye kioo. Macho ya mkewe yalikuwa wazi.

"Unaumia?"

"Naumia. Mgongo ni mgongo."

Fundi akapunguza mwendo zaidi.

"Fundi."

"Naam, mke wangu."

"Unakwenda kama unapeleka maiti. Mimi bado nipo. Kanyaga mafuta, daktari anatusubiri."